Gari Lisilokohoa

Liliingia gereji bila hodi.
Nilikuwa chini ya Noah ya Matimbwa,
mgongo kwenye boksi, oili ikinidondokea shavuni,
nikaona matairi mawili yamesimama karibu na sikio langu
na sikuwa nimesikia kitu.

Miaka ishirini na sita hapa Gerezani natibu kwa sikio.
Naijua plagi iliyokufa, vali iliyolegea,
nozeli inayodanganya.
Hili lilinguruma kama friji ya jirani.
Akashuka Bi Consolata wa Mbezi Beach,
akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeficha ugonjwa:
"Fundi, la mafuta niliuze, nibaki na hili?"

Nikafungua boneti.
Hakuna oili ya kumwaga. Hakuna feni belti.
Hakuna ugali wangu humu.
Nikafuta mikono, nikasema, ngoja tupime.

Petroli naijua kwa kitambaa cha dirishani kwangu Tabata:
kinalala cheupe, kinaamka na masizi.
Mwanangu Shamimu analala na dawa ya pumu chini ya mto.
Ni moshi huo,
na ni moshi huo huo uliomlipia ada.
Hapo mizani yangu inagoma kila siku,
sikufichi, mama.

Umeme haunuki. Sawa.
Lakini nao una kwao:
nusu umeoga bwawani, nusu umetoka kwenye gesi,
na ule moshi wa barabarani haukufa wote,
mwingine umehama tu, umepanga chumba Kinyerezi.
Na betri hii, nzito kama deni,
imechimbwa mlima wa watu gani?
Siku ikifa tutaizika wapi, na dampo la Pugu limeshashiba?
Bi Consolata akacheka: "Hayo sijui.
Ninachojua, Luku yangu inaliwa kama karanga."

Kuna na njia ya katikati, ya mdogo wangu Chande:
bajaji ya gesi.
Tangu saa tisa usiku amelala kwenye foleni ya kujaza,
kichwa kwenye usukani, miguu nje, mbu wakimhesabu.

"Na ukiliuza la mafuta," nikamwambia,
"usidhani umeliua.
Litanunuliwa Singida, litakohoa huko,
kwenye vifua usivyovijua.
Na hili lako jipya, saa kumi na mbili jioni pale Mwenge,
ni mtu mmoja na viti vinne vitupu.
Foleni ya kimya nayo ni foleni."

Akanyamaza. Pengine nilimkwaza.
Nilitaka kuongeza neno juu ya mwendokasi,
kwamba basi moja lililojaa lingewatoa barabarani watu wote wale,
lakini na mimi nimekuja na pikipiki.

Akawasha, kama ule unaitwa kuwasha. Akarudi nyuma.
Nyuma alikuwa anapita Kasimba,
gia boksi ya Corolla begani, macho chini.
Kasimba anayekuja kwa miguu kutoka Yombo kila alfajiri,
si kwa huruma na dunia, kwa kukosa nauli.
Hana moshi, na hakuna aliyewahi kumpa mkono kwa hilo.
Miguuni katambuga:
tairi la petroli limekuja kumalizia safari yake
chini ya nyayo zake.
Hakulisikia gari.
Nikapiga ukelele uliopasua mabati,
mimi, injini ya mwisho iliyobaki pale.

Likasimama, kiganja kimoja kutoka gotini.

Kasimba akatua gia boksi, akalitazama, akasema:
"Lifungeni kengele basi, kama mbuzi."

Tulicheka mpaka Bi Consolata akakaa chini, anatetemeka.
Kisha nikaingia stoo.
Nyuma ya rejeta mbovu kuna kengele
ya baiskeli ya marehemu baba,
ile niliyoiuza kwa aibu mwaka niliopata pikipiki,
nikabakiza hiyo tu.

Skrubu mbili, pembeni ya kioo cha dereva.
Ndiyo kazi yangu ya kwanza kwenye gari la umeme,
na sikumtoza.
Alipotoka akaipiga, kring, kring,
na Gerezani nzima ikageuka
kuitafuta baiskeli.